Mizani ya Chakula: Habari za Bwana McCance, Bibi Widdowson na Kazi ya Kampala



Vijana kadha wameniomba niandike katika ukurasa huu habari za mtaalamu mmojawapo wa biokemia, yaani elimu ya kuchungua jinsi chakula, damu, maziwa na vitu vyote vilivyomo mwilini vinavyochanganyika, kubadilika na kutupa uhai kwa amri yake Mola. Mimi ni mwalimu wa chuo, na elimu yangu ni ya Kurani na ya shule ya msingi. Lakini mambo haya si magumu kwa mtu mwenye subira ya kusoma. Nimemchagua Bwana Robert Alexander McCance, mzaliwa wa Ulster katika kisiwa cha Ireland, pamoja na mwenzake Bibi Elsie Widdowson, Mwingereza. Nimewachagua kwa sababu njia ya kazi yao ilifika hata Kampala, na kwa sababu ugonjwa uliowapeleka watu wale Kampala ndio ugonjwa tunaogombana kwa ajili yake hapa Kalinzi.

Ugonjwa wenyewe mnaujua. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu, au miwili, au mitatu, aliyekuwa mchangamfu, aanza kuvimba miguu, kisha mikono, kisha uso. Watu wasiojua husema amenenepa. Nywele zake huwa nyepesi na rangi yake huwa kama ya kutu. Ngozi yabambuka. Hataki kucheza wala kula, naye hulia kwa sauti ndogo ya unyonge. Hapo jirani humtazama, akatikisa kichwa, akasema: mtoto huyu amebemendwa. Maana yake ni kwamba baba na mama hawakusubiri, au mama amechukua mimba upesi, na maziwa yake yamemdhuru mtoto. Neno hilo likiisha kutoka, mama hana tena uso wa kuonyesha mbele ya mawifi zake. Nimeona ndoa zikitikisika kwa neno hilo, na nimeona mtoto akizungushwa kwa waganga majuma matatu hali miguu yake inazidi kuvimba.

Sasa nirudi kwa Bwana McCance. Alizaliwa mwaka 1898. Katika Vita vya Kwanza alikuwa rubani wa ndege ndogo iliyoruka kutoka juu ya manowari. Vita vilipokwisha aliingia Chuo Kikuu cha Cambridge, akajifunza biokemia katika idara ya Frederick Gowland Hopkins, yule mwanachuoni aliyeonyesha katika mwaka 1912 kwamba panya wakilishwa protini safi, wanga, mafuta na chumvi tu hawakui, bali wakiongezewa maziwa kidogo kila siku hukua. Kwa ajili ya kazi hiyo, iliyofungua mlango wa kujulikana vitamini, Hopkins alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1929. Kutoka kwake McCance alikwenda London kusomea utabibu katika hospitali ya King's College.

Huko alikuta jambo la ajabu. Wagonjwa wa kisukari waliambiwa wapunguze vyakula vya wanga na sukari, lakini hapakuwa na mtu aliyejua kwa hakika ni kiasi gani cha wanga kimo katika kitunguu, katika kabichi, katika tunda fulani, khasa baada ya kupikwa. Daktari alikuwa akikisia. Basi McCance akaanza kununua vyakula sokoni, kuvipika, kuvisaga na kuvipima kimoja kimoja. Kazi hiyo haina sifa machoni pa watu. Ni kazi ya jikoni, na wakubwa wengi wangeiona ni duni.

Na ilikuwa jikoni ndimo alimokutana na Bibi Widdowson, mwaka 1933. Bibi huyu alizaliwa mwaka 1906, akasomea kemia katika chuo cha Imperial huko London, wakati ambapo wanawake katika madarasa yale walikuwa wachache wa kuhesabika kwa vidole. Alipata shahada ya udaktari wa elimu kwa kupima sukari zilizomo katika matofaa, toka tunda likiwa changa mtini mpaka likiwa ghalani. Alipokuwa akijifunza mapishi ya wagonjwa katika jiko kubwa la hospitali, alimwona McCance akija na vipande vya nyama kuvipika kwa ajili ya vipimo vyake. Wakazungumza. Yule bibi kijana akamwambia daktari kwamba hesabu zake za matunda zimepungua, maana njia anayoitumia huharibu sehemu ya sukari ya matunda kabla haijapimwa.

Vijana, litazameni jambo hili. Mtu mwenye cheo amesahihishwa na mwanamke mdogo asiye na kazi, tena katika jambo alilolitaabikia kwa miaka. Angeweza kumfukuza. Yeye alikwenda kumtafutia fedha za kazi, akamchukua wafanye pamoja, na ushirika wao ukadumu miaka sitini. Mimi katika vyuo vyetu nimewaona walimu ambao mwanafunzi akiwaonyesha kosa la irabu moja humchapa.

Katika mwaka 1940 walichapisha kitabu cha majedwali, kiitwacho kwa Kiingereza The Chemical Composition of Foods. Ndani yake mlikuwa na vipimo vipatavyo elfu kumi na tano: chakula hiki kina maji kiasi gani, protini kiasi gani, mafuta, chuma, chokaa, kikiwa kibichi na kikiwa kimepikwa. Kitabu hicho kimetolewa upya mara nyingi, na nchi nyingi zimefanya majedwali yao kwa kufuata mfano wake.

Walijiwekea sharti moja: wasimfanyie mtu mwingine jaribio ambalo wao wenyewe hawakuwa tayari kulifanya katika miili yao. McCance aliwaona wagonjwa wa kisukari waliozimia, akakuta katika mkojo wao hamna chumvi hata kidogo. Akataka kujua mtu akikosa chumvi huwaje. Basi yeye na vijana waliojitolea wakala chakula kisichokuwa na chumvi kabisa, na kila siku wakalala ndani ya joto wakitoka jasho saa nyingi, jasho lenyewe likikusanywa na kupimwa. Baada ya siku chache chakula kikawa hakina ladha, hamu ikapotea, misuli ikakaza, na uchovu ukawa mkubwa hata kutafuna kukawa taabu. Tangu hapo ilifahamika kwa nini mgonjwa wa namna ile hutiwa maji ya chumvi mshipani. Wazee wetu waliotembea siku nyingi kuifuata chumvi ya chemchemi za Uvinza na kuiuza Ujiji hawakuhitaji kuambiwa kwamba chumvi ni uhai. Lakini kujua kipimo chake katika damu ni jambo jingine.

Mara moja walikaribia kufa. Walijidunga madini yaitwayo strontiamu ili waone mwili unayatoa vipi, na ile dawa ilikuwa imeingiwa na uchafu wa vijidudu. Wakashikwa na homa kali, kutetemeka na maumivu ya mwili mzima. Walipopata nafuu waliendelea kukusanya mikojo yao na kuipima, maana hesabu ilikuwa haijaisha.

Vita vya Pili vilipoanza mwaka 1939, Uingereza iliogopa njaa kwa kuwa vyakula vyake vingi vilikuja kwa meli. Wao na rafiki zao wakaishi miezi kadha kwa mkate, viazi na mboga kwa wingi, pamoja na yai moja kwa juma, nyama na samaki kidogo, maziwa kidogo na sukari kidogo. Kisha wakaenda milimani wakati wa baridi kali kupanda na kutembea mwendo mrefu, ili waone kama nguvu zimepungua. Hazikupungua. Kasoro waliyoiona ni moja: mwili haukupata chokaa ya kutosha. Kwa shauri lao unga wa mkate ulianza kutiwa chokaa katika miaka ile ya vita.

Baada ya vita, katika mwaka 1946, walikwenda Ujerumani, katika mji wa Wuppertal, ambako watu walikuwa wamedhoofu kwa njaa. Pamoja nao alikuwako daktari wa watoto, Rex Dean, ambaye tutamkuta tena karibu na kwetu. Walifanya mengi huko, lakini nataka nikawie katika jambo moja, nalo linatuhusu sisi wazazi na walimu.

Palikuwa na nyumba mbili za watoto yatima, kila moja ina watoto wapatao hamsini. Kwa miezi sita watoto wa nyumba zote mbili walikula posho ile ile, wakapimwa uzito kila majuma mawili. Kisha kwa miezi sita mingine nyumba moja ikaongezewa mkate, jamu na maji ya machungwa, na nyingine ikabaki na posho yake. Kila mtu alitazamia kwamba walioongezewa watanenepa kuliko wenzao. Mambo yakawa kinyume. Katika ile miezi sita ya kwanza, watoto wa nyumba hiyo ndio waliokuwa wakiongezeka zaidi. Walipoanza kupewa nyongeza, wakaachwa nyuma na wale wasiopewa kitu.

Bibi Widdowson hakuzitupa hesabu zake, akatafuta sababu. Akagundua kwamba siku zile zile nyongeza ilipoanza, mlezi mkuu wa nyumba ile, mwanamke mpole aliyewapenda watoto, aliondoka, na mahali pake akaletwa yule aliyekuwa akiisimamia nyumba ya pili. Mwanamke huyu alikuwa mkali kupita kiasi. Desturi yake ilikuwa kungoja mpaka watoto wameketi mezani, ndipo awaite mmoja mmoja na kuwakaripia mbele ya wenzao kwa makosa ya siku nzima. Supu ikapoa, watoto wakawa wanalia, na hata wale wasiokaripiwa hawakuweza kumeza. Alikuwa na vipenzi vyake wanane, ambao alihama nao. Hao hawakukaripiwa, nao walinawiri. Habari hizi Bibi Widdowson alizitangaza katika gazeti la waganga la Lancet mwaka 1951.

Nilipoisoma habari hiyo nilifikiri juu ya nyumba zetu. Ni wakati gani baba aliyeshinda shambani au sokoni huwaona watoto wake wote pamoja? Ni wakati wa chakula cha jioni. Basi hapo ndipo huuliza nani aliyeacha mbuzi akaingia katika kahawa, nani hakwenda chuoni, nani aliyevunja mtungi. Sinia limo katikati, mvuke unatoka, na mtoto ameinamisha kichwa. Rai yangu ni kwamba maulizo hayo yasubiri mpaka watu wamekwisha kunawa. Adabu haipotei kwa kungoja nusu saa.

Sasa tufike Kampala. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Rex Dean aliongoza kituo cha utafiti wa utapiamlo wa watoto katika hospitali ya Mulago. Kabla yake Daktari Hugh Trowell alikuwa ameusumbukia ugonjwa huu wa kuvimba kwa miaka mingi, kwanza Kenya, kisha Uganda. Na mwaka 1954 Trowell, Dean na mwenzao Davies walitoa kitabu kizima juu yake. Jina la kitaalamu la ugonjwa huo, kwashiakoo, lilitoka Ghana. Daktari Cicely Williams alilisikia kwa akina mama wa kabila la Waga, akaliandika katika miaka ya 1930. Na maana yake, kama alivyoelezwa, ni ugonjwa unaompata mtoto mdogo wakati mwenziwe mwingine anapozaliwa.

Tazameni basi. Wazee wa Ghana, walio mbali sana na sisi, waliona lile lile waliloliona wazee wetu: mtoto huugua anapokuja mwingine. Macho yao hayakukosea. Lakini sababu si uchafu wa maziwa wala dhambi ya mama. Mimba ikija upesi, mtoto huachishwa ziwa ghafula, akawekwa mbele ya ugali wa muhogo au ndizi zilizopondwa, na mchuzi mwepesi. Tumbo lajaa, lakini mwili haupati vitu vya kujijenga. Wakati huo huo akina dada na jirani ndio wanaomlea, naye hushikwa na kuhara, surua au homa, na kila ugonjwa humla kidogo. Wasomaji wa gazeti hili wanajua kwamba Surat al-Baqara imetaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa anayetaka kuitimiza. Mume anayetaka hesabu hiyo itimie ana sehemu yake katika kupanga uzazi na mkewe. Lawama isimwangukie mmoja.

Katika mwaka 1959 alifika Mulago kijana mwingine wa biokemia, Roger Whitehead. Alitaka njia ya kumjua mtoto aliye njiani kuelekea katika ugonjwa kabla hajavimba. Protini zimejengwa kwa vipande vidogo viitwavyo asidi za amino, mfano wa matofali ya nyumba. Baadhi ya matofali hayo mwili waweza kujifanyia wenyewe. Mengine sharti yatoke katika chakula. Whitehead alichukua damu kidogo tu kutoka katika kidole cha mtoto, akaitandaza juu ya karatasi maalumu ambayo hutenga vipande hivyo kila kimoja mahali pake, kisha akalinganisha mafungu mawili. Katika mtoto anayekaribia kwashiakoo, fungu la matofali ya chakulani limepungua, hali lile jingine lingali lipo. Kipimo hicho yeye na Dean walikitangaza mwaka 1964. Mwaka 1965 kilianzishwa pale Mulago kituo cha Mwanamugimu, jina lililotokana na methali ya Kiganda yenye maana ya kwamba mtoto mwenye afya hutoka kwa mama mwenye afya. Hapo akina mama walikaa na watoto wao wakafundishwa kupika vyakula vya shambani kwao wenyewe: ndizi pamoja na maharage, karanga, samaki.

Na mwaka 1966 Bwana McCance, alipostaafu Cambridge na umri wake u karibu miaka 68, hakukaa barazani. Alikuja Kampala, akakiongoza kituo kile mpaka mwaka 1968, kisha Whitehead akakishika. Serikali ya Uganda ilipopinduliwa mwaka 1971 mambo yakawa mazito, na mwaka 1973 Whitehead akaondoka kwenda Cambridge, akaendelea na kazi ya namna ile Gambia. McCance alifariki mwaka 1993, na Bibi Widdowson mwaka 2000, akiwa na umri wa miaka 93.

Yafaa niseme kwamba elimu haikusimama pale. Tangu miaka ya 1970 wataalamu wengi walikataa maneno ya kwamba protini peke yake ndiyo inayokosekana. Leo hujulikana kwamba maradhi ya kuambukiza, upungufu wa chakula kizima na wa vitamini na madini huingiana, na sababu ya mtoto mmoja kuvimba na ndugu yake kukonda bila kuvimba bado inachunguzwa. Jambo hili lina faida kwenu akina mama. Mtoto aliyekwisha kuvimba msimpe mayai na nyama kwa nguvu nyumbani mkidhani mnamponya. Mwili wake umelegea, hauwezi kuchukua mzigo huo, na chumvi nyingi humdhuru. Hospitali huanza kwa maziwa maalumu mepesi, kidogo kidogo mchana na usiku, na baada ya siku kadha, hamu ikirudi, ndipo humpa yenye nguvu zaidi, au ule mchanganyiko wa karanga, maziwa, sukari na mafuta uliomo katika pakiti. Kumtambua si kazi. Bonyezeni kwa kidole gumba juu ya nyayo zote mbili, hesabuni polepole mpaka tatu, kisha mwachilie. Shimo likibaki katika miguu yote miwili, safari ni ya zahanati siku hiyo hiyo, wala si ya kwa mganga.

Kwa yule ambaye bado ni mzima, dawa imo katika masoko yetu. Taasisi ya Chakula na Lishe ya nchi hii iliundwa mwaka 1973, na mwaka 2008 Bibi Zohra Lukmanji na wenzake, kwa ushirika wa Muhimbili, taasisi hiyo na chuo cha Harvard, walitoa majedwali ya vyakula vya Tanzania kwa njia ile aliyoianza McCance jikoni. Ugali wetu umo humo, maharage yamo, dagaa wamo. Dagaa wakavu wa ziwani, wakipondwa kuwa unga na kijiko kimoja kikatiwa katika uji wa mtoto, humpa protini na chokaa pamoja, maana huliwa na mifupa yao. Nashangaa kuona gunia la dagaa likipanda kutoka Kigoma, baba akala wote na mtoto akapewa mchuzi.

Bibi mmoja wa hapa aliniuliza kama mawese nayo yana faida, au ni rangi tu. Yana faida kubwa. Ule wekundu ni karotini, na Bwana Thomas Moore wa Cambridge alionyesha katika mwaka 1930 kwamba mwili huigeuza karotini kuwa vitamini A, ambayo macho ya mtoto huihitaji. Kijiko kimoja katika uji au katika maharage chatosha. Lakini yasichomwe jikoni mpaka yakawa meupe, kama wafanyavyo wengine kwa kuchukia harufu, kwa sababu rangi ikiisha kutoka, karotini imekwenda nayo, na katika sufuria yamebaki mafuta matupu.